Jina Moja, Lahaja Nyingi: Mwanaisimu Mbele ya Bakteria

Aliyesomea isimujamii anajua kwamba jina la lugha huficha mengi. Tunaposema "Kiswahili", tunakusanya chini ya mwavuli mmoja Kiamu, Kimvita, Kiunguja na ndugu zao wengine. Sikudhani somo hilo lingenifaa nje ya idara yetu, hadi mwenzangu bwenini, mwanafunzi wa biolojia, aliponiomba nimsaidie kueleza taaluma yake kwa Kiswahili. Akina mama wa kijijini kwao walikuwa wamemwuliza swali zito: ikiwa bakteria hawa huishi matumboni mwetu bila madhara, mbona wao hao huwaua watoto?

Bakteria waliokusudiwa ni Escherichia coli. Aina yao iitwayo K-12 ilipatikana California mwaka 1922, ikalelewa maabarani kwa miongo mingi. Mwaka 1997 jenomu yake, yaani maandishi yake yote ya urithi, ilichapishwa kikamilifu: takriban herufi milioni 4.6. "Basi hicho ndicho Kiswahili sanifu chenu," nikamwambia. Kama Kiunguja kilivyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, ndivyo K-12 ilivyofanywa kipimo cha jamaa nzima.

Lakini sanifu si lugha yote. Mwaka 2001 ilichapishwa jenomu ya O157:H7, aina iliyotambuliwa Marekani mwaka 1982 baada ya watu kuharisha damu kwa kula nyama isiyoiva vyema. Ilikuwa na herufi zipatazo milioni 5.5, na jeni 1,387 ambazo K-12 haina. K-12 nayo ilikuwa na jeni 528 zisizokuwemo kwa nduguye. Mwaka 2002 ikaongezwa aina ya tatu, inayoambukiza njia ya mkojo. Kati ya protini zote za aina hizo tatu, ni asilimia 39.2 pekee zilizopatikana kwa zote.

Tofauti hizi zatoka wapi? Lahaja zatupa jibu. Kimvita husema "mato" pale sanifu isemapo "macho": badiliko dogo, mfano wa herufi moja ya jeni inayogeuka vizazi vikipita. "Meza", hata hivyo, hatukuirithi. Tuliikopa kwa Wareno. Bakteria nao hukopa. Virusi vinavyowashambulia huweza kuwahamishia jeni, na ndivyo O157:H7 ilivyopata jeni za sumu yake. Jeni za kuhimili dawa za antibayotiki aghalabu husafiri ndani ya plasmidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwenziwe. Udugu wa nazi hukutania chunguni. Wa bakteria hukutania utumboni.

Mlinganisho huu una mipaka, kwani neno la mkopo halimwui mtu. Hata hivyo, ulitosha kuwajibu akina mama: jina ni moja, bali baadhi ya jamaa wamekopa silaha, kwa hiyo maji yachemshwe, nyama iive, na dawa zisimezwe kiholela.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Ukoo, urithi, mkopo na lahaja ni maneno tuliyo nayo tayari. Wanafunzi wenzangu, tusingoje kamusi zikamilike ndipo tuanze kueleza. Wanaouliza wana watoto wa kulinda leo.