Neno Moja Tu

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi kwetu Mbuchi na daftari moja na nia ya kuandika riwaya. Jioni moja, tukingoja maji yajae mtumbwi uelee, nikamsimulia rafiki yangu kisa chote: binti anatoroka ndoa usiku, anapiga kasia peke yake katikati ya mikoko. Mwaka uliofuata nikakikuta kisa kile gazetini, jina lake chini. Jamani, nilitaka kulia!

Nikamwendea mjomba, fundi redio. "Yule mwizi!" nikamwambia.

"Na wewe uliandika wapi, mpwa wangu?"

Kimya. Daftari langu lilikuwa tupu.

Swali lile sikulielewa vizuri mpaka niliposoma kesi ya Wamarekani wawili, Jack Kilby na Robert Noyce. Ndugu msomaji, kila redio ya leo ina deni kwao. Kila mmoja alibuni namna ya kuiweka saketi nzima kwenye kipande kimoja kidogo. Kilby aliomba hataza Februari 1959, Noyce akafuata Julai. Basi Kilby kashinda, si ndiyo? Ngoja kwanza. Mchoro wake ulionyesha nyaya zikipita hewani, kama kamba ya kuanikia nguo. Noyce yeye alizigandisha njia za umeme juu ya kipande chenyewe.

Kilby alikuwa ameandika pia kwamba dhahabu inaweza "kulazwa" juu yake. Mwaka 1967 bodi ya hataza ikampa ushindi. Noyce akakata rufaa, na mwaka 1969 mahakama ikapindua hukumu: kitu kulazwa si lazima kiwe kimegandana na kilipolazwa. Miaka ya mabishano, neno moja tu! Kumbe makampuni yao yalikwisha kupatana tangu 1966. Na wenyewe wawili kila mmoja alimpa mwenzake heshima yake. Kilby alipata Nobel mwaka 2000; Noyce alikwisha fariki mwaka 1990.

Nikalitafuta lile gazeti, nikasoma upya bila hasira. Binti wa rafiki yangu anazama. Wangu, kichwani, anafika Nyamisati salama. Kumbe hata kisa si kimoja! Ila chake kipo, changu hakipo.

Nikamfuata, nikampa mkono. Usiku ule nikawasha kibatari, nikaandika tarehe juu ya ukurasa, halafu sentensi ya kwanza. Mbaya kweli. Lakini imeandikwa.