Vazi la Kuogelea Nalo ni Amana



Leo tunazungumza kufua. Shuka na sare za skuli hamhitaji somo, hizo tumezifua tangu utotoni. Tunakusudia lile vazi la kuogelea la stara, burkini kama wengi wanavyoliita, ambalo ukilifua kama shuka linakufia mikononi.

Sisi ni wanawake wa Mji Mkongwe na Ng'ambo tunaokwenda kuogelea pamoja. Asubuhi ambazo maji yamejaa tunakwenda baharini, na mara nyengine kwenye bwawa la hoteli moja lenye saa za wanawake peke yao. Kati yetu wapo wanafunzi, na wapo bibi wenye wajukuu. Vazi zima, kofia, kanzu fupi na suruali yake, si kitu cha kununua kila mwezi. Mengine huletwa na jamaa kutoka Dubai na Muscat, mengine tunashonewa na mafundi wetu, mengine tunarithishana. Likiharibika, mwenyewe hubaki mchangani.

Tumeyaona hayo. Mwenzetu mmoja aliacha kuingia majini. Wiki ya kwanza alisema ana mgeni, ya pili mtoto anaumwa, ya tatu akakaa na baibui lake akitulindia mikoba. Baadaye ndipo alipomnong'oneza mmoja wetu: suruali ya vazi lake imelegea, kitambaa kimekonda, na akitoka majini anaonekana. Pesa ya jengine haikuwepo, na iliyokuwepo ilikuwa ada ya watoto. Naye alikuwa ndiyo kwanza amejua kuelea.

Kwa nini jambo hili si dogo

Tumezaliwa kisiwani, tumezungukwa na maji, na wengi wetu tumekua bila ya kujua kuogelea. Watoto wa kiume wanaruka baharini pale Forodhani tangu wadogo. Sisi tulikuwa tunaangalia. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ikazama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Hakuna nyumba hapa isiyomjua mtu aliyeondokewa. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Hatusemi kuogelea kungewaokoa. Ajali ya meli ni kitu kikubwa. Tunasema kwamba mtu wa kisiwani kuyajua maji ni haki ya nafsi yake.

Kaskazini ya Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea na kuokoa, wakiwa wamejisitiri mwili mzima. Picha alizopiga Anna Boyiazis za wasichana hao mwaka 2016 zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Na burkini yenyewe ilibuniwa na Aheda Zanetti, mama wa Australia mwenye asili ya Lebanon, mwaka 2004. Kabla ya hapo, wengi waliotaka stara waliingia baharini na nguo zao. Kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani watakwambia kanga iliyorowa ina uzito gani. Pamba inakunywa maji. Poliesta na nailoni hazinywi sana, ndiyo maana vazi hili ni jepesi na halikuvuti chini.

Kinacholiua

Ndani ya kitambaa mna nyuzi za spandeksi, zile zinazovutika na kurudi. Zikichoka, vazi linapwaya, linakonda, na stara inaondoka. Maadui zake ni hawa: klorini ya bwawani, jua kali, moto, mafuta, na chumvi inayokaukia ndani ya kitambaa pamoja na mchanga, ikawa inasugua kama msasa kila unapojinyoosha.

Mafuta ni jambo letu hasa. Tunapenda kupaka mafuta ya nazi kichwani, na ndiyo maana kofia huchoka mwanzo kabla ya suruali. Siku ya kuogelea, suka nywele kavu. Mafuta utapaka ukirudi. Na kama umepaka ya kuzuia jua, ngoja yakauke kabla ya kuvaa.

Jengine ni udi. Nguo zetu zote tunazifukiza, lakini hili usiliweke juu ya chetezo. Joto linaunguza zile nyuzi pole pole, na harufu yenyewe itaishia baharini.

Tunavyofua

Tunaanza pale pale pwani. Kila mmoja wetu huchukua dumu la lita 5 la maji baridi yasiyo na chumvi. Tukitoka tu, tunajimwagia vazi likiwa bado mwilini, kuanzia kofia hadi miguuni. Kama ni bwawani, tunajimwagia na kabla ya kuingia vilevile, kwa sababu kitambaa kilichokwisha kurowa maji safi hakinyonyi klorini nyingi.

Usilifunge likiwa bichi ndani ya mfuko wa plastiki ukalisahau mpaka usiku. Lizungushie kanga. Ukifika nyumbani:

1. Ligeuze ndani nje, ukung'ute mchanga, hasa kwenye mishono na zipu.
2. Liloweke robo saa kwenye beseni la maji baridi ya bomba au ya mvua. Visima vya karibu na pwani vina chumvi, kwa hiyo vionje kwanza.
3. Weka sabuni laini kidogo, hata shampuu ya mtoto inatosha. Sabuni ya unga ni kali, jiki usiiguse kabisa, na dawa ya kulainisha nguo inazivisha nyuzi utando.
4. Libonyeze bonyeze kwa viganja. Usilifikiche, usilipige kwenye jiwe, usilipige brashi.
5. Suuza mpaka maji yasiwe na povu.

Mabeseni mawili yanatosha, moja la sabuni na moja la kusuuzia. Tangu madrasa tumefundishwa kutofanya israfu ya maji, sembuse kwenye mitaa ambayo bomba linatoka kwa zamu. Maji ya mwisho yakiwa safi tunaoshea ukumbi.

Kukamua kwa kusokota kunavunja nyuzi. Litandaze juu ya taula kavu, likunje pamoja nalo kama unavyokunja mkeka, kisha likandamize. Taula litanywa maji. Halafu lianike kivulini panapopita upepo, likiwa limelazwa. Ukilitundika mabegani likiwa zito, litarefuka na halitarudi. Kipindi cha kusi linakauka kabla ya adhuhuri. Wakati wa masika hewa ni nzito, kwa hiyo ligeuze mara mbili tatu na usilitie kabatini mpaka mishono yote ikauke, la sivyo litaota ukungu. Pasi halitaki.

Kipimo cha mkono

Kila mwezi tunafanya hivi. Shika vazi mbele ya dirisha lenye mwanga, tia mkono ndani, vuta kitambaa kidogo. Ukiona vidole vyako, jua kimekonda. Angalia sehemu ya kukalia, magoti na kwapa. Hizo huanza, hasa kwa wanaokaa juu ya kuta za mawe na matumbawe. Kalia kanga yako.

Kukonda si mwisho. Suruali ya mwenzetu tuliipeleka kwa fundi pamoja na vazi la zamani lililokuwa limepauka lakini zima mgongoni. Alikata kipande cha pale mgongoni, akakitia kwa ndani nyuma ya suruali, akashona kwa mshono wa zigizaga, maana mshono ulionyooka ukivutwa unakatika. Mpira wa kiunoni akatia mpya. Zipu tukaipitisha mshumaa ikateleza. Alipolivaa tulimsimamisha juani, akageuka huku na huku, akauliza, "Hakuonekani?" Tukamwambia, "Hakuonekani, bibi wee, ingia." Sasa anaogelea kwa mgongo, na binti yake yumo pembeni.

Kwa hiyo vazi lililokushinda usilitupe wala usilifanye dekio. Lifue, likunje, mpe mwenye umbo dogo kuliko lako au fundi wa kundi lenu. Na likiwa bado lina uhai, mpe mtu kabla ya kuanza kuonyesha, ili naye apate kulivaa.

Nguo ya stara ni neema, na neema huulizwa. Wengine kati yenu wananunua kwa kudunduliza shilingi hadi shilingi. Dakika ishirini za beseni baada ya kila safari zinaheshimu jasho hilo, na zinamweka msichana majini msimu mwengine.

Kaskazi ikiingia, maji yanapotulia na kung'aa, toeni mavazi yenu mufanye kipimo cha mkono mapema, kabla siku ya safari haijafika. Mwenye sindano amsaidie asiye nayo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na watoto wetu, nchi kavu na baharini. Amin.