Kitonga kwa baiskeli: siku niliyonuniana na Fundi

Msomaji wangu, kama Kitonga umeipita ukiwa ndani ya basi, umeegemea dirisha na soda mkononi, usiniambie unaijua. Wewe umeiona tu. Mimi na mshikaji wangu mmoja, tumwite Fundi maana ndivyo anavyoitwa kijiweni kwetu Manzese, tuliipanda Julai 2023 na Phoenix mbili zisizo na gia, na mpaka leo nikisikia lori linaunguruma mlimani magoti yananiuma.

Safari ilikuwa moja lakini kila mtu na yake. Mimi nilitaka kufika Mbeya, zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar, basi tu, na mimi niwe na la kusimulia. Fundi alikuwa anaishia Ilula, mkoani Iringa, kwa mdogo wake anayelima nyanya. Huyo dogo alikuwa anatoa matenga shambani hadi barabarani kwa baiskeli ya kukodi, na hela ya maana ilikuwa inaishia kwa mwenye baiskeli. Fundi akaunda Phoenix kipande kwa kipande kwa miezi saba, fremu kutoka huku, ringi kutoka kule, keria kaichomelea mwenyewe kwa nondo, halafu akaapa kwamba ataifikisha kwa miguu yake. Angeweza kuitupia kwenye basi, yakaisha. Lakini Fundi akishaapa, muache.

Siku nne za kwanza sikuchoshi nazo. Chalinze, Morogoro, makalio kuwaka moto, mambo ya kawaida. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inakatisha kwa wanyama kama kilometa 50, tulipanda Fuso na baiskeli zetu, kwa sababu simba hana habari na kengele. Fundi alisema hiyo haihesabiki. Usiku wa nne tukalala Ruaha Mbuyuni.

Siku ya tano ndiyo yenyewe. Saa 12 asubuhi tulikuwa barabarani, chai na chapati mbilimbili tumboni, tukapita kwenye vitunguu vimepangwa pembeni kwenye nyavu nyekundu, tukavuka daraja la Ruaha Mkuu. Maji yale yanatoka Mtera yanaenda Kidatu, kote huko yanazalisha umeme, na sisi hapo juu hatuna hata nguvu ya kuwasha tochi. Bonde lile lina joto hata Julai. Saa nne shati lilikuwa limegandia mgongoni. Ukifuata mto Lukosi, milima ya Udzungwa inazidi kukusogelea kulia na kushoto, mpaka unajiuliza barabara itatokea wapi. Haitokei. Inapanda.

Tulianza Kitonga saa saba mchana, muda mbaya kuliko yote. Ni kama kilometa saba za kona na mteremko mkali, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo. Baiskeli isiyo na gia hapo haiendeshwi, inasukumwa kama mkokoteni. Malori yanapanda taratibu kiasi kwamba utingo anaweza kukusalimia, akakuuliza mnatoka wapi, akacheka, na bado hajakupita. Yanayoshuka ndiyo balaa, mengine yanatoka Zambia na Kongo na shaba mgongoni, breki zinanuka kama mpira ulioungua. Ukiona matawi mabichi yametupwa katikati ya lami, ujue mbele kuna lililokufa. Nyani wamekaa pembeni wanangoja abiria watupe chochote.

Wazee wa malori wanaijua njia hii kwa jina baya zaidi. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikakatiwa njia ya mafuta, na mapipa yakaanza kupitishwa huku kwa malori, enzi hizo vumbi na matope. Madereva waliiita Barabara ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata. Nilikuwa namsimulia Fundi hayo yote ili tusahau uchungu wa mapaja, naye anaitikia "mmh" tu.

Ndipo kwenye kona moja lori likashuka limechukua nafasi, basi nalo linapanda nyuma yetu. Tulijirusha pembeni. Mimi nilianguka na baiskeli juu yangu. Ya Fundi iliingia mbele kwa mbele kwenye mawe.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Ringi," akanijibu.

Goti lake lilikuwa linavuja damu, lakini alichokuwa anaangalia ni gurudumu la mbele. Lilikuwa limepinda kama namba nane, spoku nne zimekatika. Mbele kidogo palikuwa na lori bovu lenye matawi yake, utingo wake akaja kututazama. Mtu wa watu kweli. Akasema wakimaliza kutengeneza watatubeba mpaka Ilula, hela ya soda tu. Mimi nikashaanza kufungua mizigo. Fundi akasema hapana.

"Una wazimu?" nikamwambia.

"Nilimwambia dogo naileta kwa miguu."

Basi akakaa chini. Alilichomoa gurudumu, akalilaza juu ya mawe mawili, akalikanyaga, akaligeuza, akalikanyaga tena, kisha akashika spana ya spoku na kuanza kukaza na kulegeza, jicho moja amefumba. Saa nzima na nusu. Spoku za akiba zilikuwa mbili. Nyani mmoja akaja akachukua mkate wetu wote bila haraka. Lori likapona, likaondoka, utingo akapunga mkono.

Gurudumu likawa linazunguka, ila linayumba kama mlevi. Ilibidi breki ya mbele aifungue kabisa. Kwa kutembelea lingefaa. Kwa kubeba nyanya, siku mbili na limekwisha. Fundi alilijua hilo kuliko mimi. Akatazama gurudumu langu.

"Hata usifikirie," nikasema.

"Sijaomba."

"Unaangalia kama umeomba."

"Kwani Mbeya kuna nini?"

"Na Ilula kuna nini?"

Hapo tukanyamaziana. Tulisukuma kilometa zilizobaki, yeye mbele, mimi hatua hamsini nyuma, na gurudumu lake linakwaruza uma, kwa, kwa, kwa. Nilijaribu kuimba nisilisikie. Hesabu niliijua vizuri. Ringi mpya ingekula hela yangu ya chakula mpaka Mbeya, na bila ringi nzima Mbeya haipo.

Kule juu upepo ulikuwa wa baridi, jasho likageuka barafu. Fundi alikuwa amekaa kwenye jiwe ananingoja, goti limevimba. Hakuniangalia.

"Leta spana," nikasema.

Tulibadilishana kwa dakika kumi. Hakusema ahsante. Nati za gurudumu langu jipya, lile bovu, alizikaza mara mbili, halafu akarudi akazikaza tena.

Ilula tuliingia saa mbili usiku, kwa mwanga wa simu. Dogo akaibonyeza baiskeli matairi, akaizungusha gurudumu la mbele kwa kidole, akasikiliza.

"Hili ndilo zuri kuliko yote. Umelipata wapi?"

"La mtu," Fundi akasema.

Kabla jua halijatoka matenga mawili yalikuwa kwenye keria, na dogo ameshaondoka. Fundi hakuweza kukunja goti, akabaki. Mimi nikaenda peke yangu kama kilometa 45, nikipepesuka, nikapita Lugalo walipopigwa Wajerumani na jeshi la Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891, nikasukuma mlima wa Ipogolo mpaka Iringa mjini. Nikauliza bei ya ringi. Nikahesabu hela. Nikauliza nauli ya Dar.

Mwezi uliofuata dogo alinitumia tenga la nyanya kwa basi, jina langu limeandikwa kwa kalamu nene. Nusu zilikuwa zimepondeka, na nauli ya mzigo nililipa mimi.