Usiku wa Njombe na Blanketi la Sufu

Ukijaliwa kufika Njombe mwezi wa Juni au Julai, utaukuta mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako jioni baridi hupenya hadi mifupani. Huko ndiko utakakofahamu kuwa anasa ya chumba cha kulala si wingi wa mapambo, bali ni blanketi la sufu halisi.

Nywele za kondoo zimejikunja, na hewa inayonaswa ndani yake huhifadhi joto la mwili. Aidha, sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake, wala mlalaji hahisi majimaji.

Kabla ya kutoa fedha uliyoitolea jasho, mwombe muuzaji uzi mmoja, uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Nailoni na jamii yake huyeyuka, zikaganda donge gumu.

Nyumbani, lifue kwa maji baridi, kwani ya moto hulisinyaza. Lianike kivulini, na ulikung'ute mara kwa mara, nondo wasilitoboe. Hatimaye weka shuka ya pamba kati yake na ngozi, nawe ulale salama.