Kakao ni Chakula, si Dawa ya Kansa

Mkakao haustawi hapa kwetu Likasi, kwa kuwa kiangazi cha Katanga ni kirefu na usiku wake una baridi. Kakao ya nchi yetu yatoka pande za Beni na Mambasa. Sisi twaijua katika kopo la unga tu. Labda ndiyo sababu wengi wadhani ina nguvu za ajabu.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, aliona uvimbe katika titi lake. Mchuuzi wa sokoni akamwambia anywe kakao asubuhi na jioni, eti yaua kansa. Akanywa miezi mitatu, na uvimbe ukazidi kukua. Aliponiambia, nilimsihi aende hospitali. Daktari akakuta ni kansa kweli, akasema matibabu yangalikuwa mepesi zaidi kama angalifika mapema.

Mchuuzi yule hakuzua yote. Mbegu ya kakao ina vitu viitwavyo flavanoli, na katika maabara vimeonekana kupunguza ukuaji wa chembe za kansa zilizowekwa katika bakuli. Lakini mwili wa mtu si bakuli. Matumbo huzivunjavunja flavanoli hizo, na ni kidogo tu ziingiazo katika damu. Tena, kuchachusha na kukaanga mbegu huzipunguza, na kopo la dukani mara nyingi limejaa sukari.

Huko Marekani wataalamu walilipima jambo hili kwa wazee 21,442. Nusu yao walipewa kila siku vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli za kakao. Wengine walipewa vidonge visivyo nazo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022, baada ya miaka zaidi ya mitatu: kansa haikupungua.

Sisemi kwamba mimea haina dawa. Vinkristini, itumiwayo kutibu kansa ya damu ya watoto, hutokana na ua dogo la Madagaska. Lakini dawa hiyo husafishwa, hupimwa, na kutiwa mshipani na mwenye ujuzi, kwani ikizidi ni sumu.

Basi, akina baba na akina mama, anayependa kakao na anywe kwa furaha. Ila uvimbe usioondoka, au jeraha lisilopona, lionyesheni kwa daktari upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.