Wapenda Panga na Hoja Zao

Katika Kenya ni vigumu kuikuta nyumba ya mkulima isiyo na panga. Limechomekwa katika paa au limesimamishwa nyuma ya mlango, na kwa kuwa twaliona kila siku, wengi hawadhani kuwa ni jambo la kuzungumziwa. Walakini wako watu, nami ni mmoja wao, ambao wakikutana katika baraza ya duka hubishana muda mrefu juu ya panga lipi ni panga kweli, na lipi ni bati lililotiwa mpini.

Wenye kupenda panga zito hutaja umbo lake. Yale ya Amerika ya Kusini aghalabu ni marefu na membamba, nayo yafaa sana kwa kufyeka nyasi na majani mabichi. Letu la Afrika ya Mashariki limetanuka kuelekea nchani, hivyo uzito wake uko mbele, na likishuka juu ya mti huingia kwa nguvu zake lenyewe, mkono ukiliongoza tu. Wapinzani wao hujibu kwamba asemaye hivyo hajapata kufyeka ekari moja ya magugu tangu alfajiri. Saa nne haijafika, kiwiko kimekwisha kumpa habari nyingine. Mimi nawaunga mkono hao wa pili kwa kazi ya shamba, na wale wa kwanza kwa kazi ya kuni.

Juu ya chuma chenyewe ndipo maneno huwa makali. Panga jema si gumu kupita kiasi. Fundi huipasha pua moto, akaizamisha ipoe ghafula ili iwe ngumu, kisha huirudisha katika moto wa kadiri ipunguze ugumu ule. Asipofanya hivyo, panga likigonga jiwe humeguka kama chungu. Likitengenezwa sawasawa, makali hujikunja kidogo tu, na mwenyewe huyarudisha kwa tupa palepale shambani. Yale yanayometameta kama vijiko siyapendi. Ni kweli hayashiki kutu upesi, lakini niliyoyajaribu mimi hayakukaa na makali hata nusu siku.

Wazee husifu mapanga ya Uingereza, hasa ya Ralph Martindale, kampuni iliyoanza Birmingham mwaka 1874. Wengine wasema hakuna lishindalo lile lililofuliwa na wahunzi wa Kamukunji, Nairobi, kwa springi ya lori kuukuu. La Kamukunji nililo nalo ni zito na sura yake haipendezi, lakini lina misimu mitatu na mpini haujalegea. Wako pia wanaolipiga panga kwa ukucha dukani na kusikiliza mlio wake, eti wajue chuma. Nadhani mlio huo hueleza zaidi kama ribiti zimekazwa au kama pana ufa. Hata hivyo nami hulipiga, maana mwenye duka hukuheshimu zaidi.

Kwa mkata miwa wa Muhoroni au Chemelil mabishano haya si mchezo, kwa sababu aghalabu hulipwa kwa uzito wa miwa aliyoikata. Muwa hutakiwa kukatwa karibu kabisa na ardhi, maana sehemu ya chini ndiyo yenye sukari nyingi, na shina libakilo ndilo litakalochipua mavuno yajayo. Panga butu hulipasua shina hilo, na magonjwa yakapata njia. Tena mwenye panga butu hupiga mara mbili pale mwenziwe apigapo mara moja, na tofauti hiyo huonekana katika mizani.

Liko jambo jingine ambalo wapenda panga hawapendi kulitaja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hata miezi ya kwanza ya 2008, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi yetu, na panga lilikuwa miongoni mwa silaha zilizotumika. Huku kwetu, mahali mashamba ya miwa yanapokutana na milima ya Nandi, hofu ilikaa muda mrefu kuliko moshi. Jirani yangu mmoja, mkata miwa, zamani alilibeba panga lake wazi begani kama mtu abebavyo jembe. Baada ya siku zile alianza kulifunga katika gunia kabla ya kutoka barabarani. Hakuna aliyemwuliza, wala yeye hakueleza. Akipanda matatu utingo humwambia aliweke chini ya kiti cha nyuma, naye hukubali bila neno. Alilolilalamikia kwangu ni gunia tu: lilishika umande na maji ya miwa, panga likaanza kupata kutu karibu na mpini. Basi sasa kila jioni hulifuta kwa kitambaa na kulipaka mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, kisha hulifunga tena.