"Futa," Nilimwambia Binti Yangu



Ndugu zangu wazazi, nanyi wanafunzi mnaotusoma, leo naomba niwasimulie jambo lililonikuta nyumbani kwangu hapa Kigali. Huenda likamfaa mwenzangu.

Jioni moja baada ya Maghrib, jirani alinionyesha video kwenye simu yake. "Huyu si binti yako?" Alikuwa ni yeye, amevaa hijabu yake ya shule, ameketi jikoni anaimba huku akigonga meza kwa vidole. Nilihisi uso unaniwaka. Sikungoja hata wimbo uishe. Nilirudi nyumbani nikamwambia neno moja tu: "Futa." Akafuta mbele yangu, kisha akaingia chumbani kwake bila kusema kitu.

Siku ya pili dada yangu alipiga simu kutoka Bujumbura. "Kaka, ule wimbo wa mama mbona siuoni tena? Niliusikiliza mara tatu, nikalia." Nikanyamaza. Kumbe ulikuwa wimbo wa mama yetu, aliyefariki mwaka jana.

Nikamwita binti yangu, nikamwomba aniimbie. Ameutunga mwenyewe: namna bibi yake alivyokuwa akituamsha kula daku, mmoja mmoja kwa jina, akianzia kwa mdogo. Mambo ambayo mimi mwanawe nilikuwa nimekwisha yasahau.

Nilimwuliza nani kamtia wazo la kujirekodi. Akanitajia Yuna, binti Mwislamu wa Malaysia, anayetunga nyimbo zake na kupiga gitaa. Huyo alianza mwaka 2006 kwa kuweka nyimbo zake kwenye mtandao wa MySpace, bila kampuni yoyote nyuma yake. Watu wakasikiliza, wakaambizana. Mwaka 2011 akaingia mkataba na kampuni ya Marekani, na mwaka 2022 albamu yake ya Y5 akaitoa mwenyewe. Miaka yote hiyo kichwa chake amekisitiri. "Na shahada ya sheria aliipata, baba," binti yangu aliongeza haraka. Nikacheka.

Wanavyuoni wametofautiana katika suala la nyimbo na ala, wala mimi sina elimu ya kulihukumu. Nilimwendea imamu wetu. Aliniuliza, "Wimbo wenyewe unasema nini?" Nikaona haya, maana siku ile ya kwanza nisingeweza kumjibu.

Tumekubaliana hivi nyumbani: simu inalala sebuleni, maoni ya watu anayasoma mama yake kwanza, mgeni hajibiwi faraghani, na karibu na mitihani hakuna video. Binti naye akanipa sharti langu: nisikilize mpaka mwisho kabla ya kusema.

Wimbo umerudishwa. Hadi jana walikuwa wameutazama watu 41, wengi wao jamaa zetu. Hofu yangu haijaisha, kwani mtandaoni mlango ukiwa wazi huingia mwema na mwovu. Lakini ningeendelea kuufunga kwa ukali, angeimba kwa siri, nami ningekuwa wa mwisho kujua.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na amrehemu mama yangu. Amin.

Wabillahi tawfiq.